Udongo wetu unaweza kupona?

Ndugu msomaji, na wewe mama, na wewe kijana unayesoma gazeti hili kisha bukari ya mangaribi, tunakuomba jambo moja mbele ya kuanza. Toka inje kidogo. Inama, kamata udongo mkononi, uutazame vizuri.

Kama unakaa Buluo, Panda, Shituru ao Kikula, udongo huo unaujua tangu utoto. Wakati wa mvua unashika kwenye viatu. Wakati wa jua unaruka na kuingia kila pahali: kwenye sahani, kwenye sombe, kwenye kitanda cha mtoto. Mawe yanayolala ndani yake ndiyo yalijenga mji huu. Yalileta njia ya treni, yalileta kambi za wafanyakazi, yalilipa masomo ya wengi kati yetu.

Lakini kuna pahali karibu na viwanda ambapo hakuna hata jani moja. Mtoto anapita hapo na mama yake, anauliza: «Mama, juu ya nini majani haiotake hapa?» Mama anajibu: «Njo vile iko, mwanangu. Tulikuta vile.»

Wapenzi wasomaji, jibu hilo halitoshi tena. Kuna watu waliokaa miaka mingi chini kwenye udongo ule, wakiupima, wakipanda majani, wakihesabu yaliyokufa na yaliyobaki. Wengi wao ni walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, watoto wa inchi hii. Leo tunataka kukuambia walichokiona, na namna kinavyohusu jamaa yako.

JIWE LA KIJANI, MAJI YA BULUU

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Wengi tunaishi karibu na kiwanda, lakini hatukuambiwa kamwe kinachofanyika ndani.

Jiwe la kijani tunaloliona kwetu linaitwa malakiti. Ndani yake mukuba umefungwa pamoja na hewa ya kaboni na maji. Wazee wetu walijua kuufungua mbele ya wazungu kufika: walilipika jiwe na makala ya miti katika tanuru ya udongo, wakamimina mukuba katika umbo la msalaba mdogo. Misalaba ile ilikuwa feza yao. Watu walilipa mahari nayo, na wengine walizikwa nayo.

Kisha, mwaka 1906, ilianzishwa kampuni ya Union Minière. Wakati wa ukoloni Likasi iliitwa Jadotville. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kazi kwa njia nyingine: si moto tu, bali asidi na umeme. Mwaka 1967 serikali ilikamata mali ya Union Minière, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo tunayoiita leo Gécamines.

Njia ya asidi ni hii. Jiwe linasagwa mpaka linakuwa kama unga. Unga unatiwa katika asidi ya kiberiti. Jiwe linatoa povu, mukuba unaingia ndani ya maji, na maji yanakuwa ya buluu. Kisha maji yale yanapitishwa umeme. Mukuba unatoka majini na kushika kwenye bamba, kidogo kidogo, mpaka unakuwa karatasi nene nyekundu.

Sikiliza sasa jambo la ajabu: wakati mukuba unaposhika kwenye bamba, asidi inazaliwa tena ndani ya maji yale. Inaweza kurudishwa nyuma kufungua mawe mengine. Kwa hiyo kemia yenyewe inajua kutumia kitu mara mbili. Ni sisi watu tunaosahau.

Maana kuna upande wa pili. Tuseme jiwe lina mukuba kilo 3 katika kilo 100. Ukiisha kutoa kilo 3 zako, kilo 97 zinaenda wapi? Zinabaki kuwa matope yenye asidi, na ndani yake kuna mabaki ya mukuba, kobalti, na mara nyingine risasi, kadimiamu ao uraniamu. Matope hayo yanawekwa katika bwawa. Bwawa likiwa zuri, na asidi ikiuawa na chokaa, hatari ni ndogo. Bwawa likipasuka ao likivuja, maji yanakwenda mtoni.

Na mito ya Likasi inakwenda wapi? Inashuka hadi Lufira, na Lufira inaingia katika ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha. Watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima bonde hilo la Lufira ya juu na kutoa matokeo mwaka 2010. Walikuta metali za viwandani katika maji, katika majani ya majini, na katika samaki. Samaki yule yule anayeuzwa sokoni kwetu.

KEMIA YA KIJANI NI NINI?

Kijana anayesoma shimi shuleni ataniuliza: «Sasa kemia inaweza kuwa ya kijani namna gani? Si yenyewe inaleta sumu?»

Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliandika kitabu ambamo waliweka kanuni 12 za kemia ya kijani. Neno «kijani» hapa si rangi ya jiwe letu. Maana yake ni kemia inayopangwa tangu mwanzo ili isizae sumu na taka, badala ya kuzizaa kwanza na kutafuta dawa baadaye.

Tukueleze nne tu kati ya zile 12, zinazotuhusu zaidi.

Ya kwanza: ni afazali kuzuia taka kuliko kuisafisha. Wazee walisema zamani: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kanuni ya kwanza ya wanakemia ni ile ile.

Ya pili: vitu unavyotia katika kazi viingie vyote, ao karibu vyote, katika kile unachotengeneza. Mama anayepika bukari anatia maji na unga, na vyote vinakwenda mezani. Lakini kazi nyingi za kemia zinatumia gunia zima ili kupata kikombe kimoja. Mwanakemia Barry Trost alitoa wazo hilo mwaka 1991: hesabu chembe zako, uone ngapi zinafika mwisho na ngapi unazitupa.

Ya tatu: utumie vitu vinavyoota tena, kama mimea, pahali pa vile vinavyokwisha.

Ya nne, ambayo katika kitabu ni ya mwisho: chagua vitu na njia ambazo hata ajali ikifika, haitaleta msiba mkubwa.

Juu ya ajali, hatuendi mbali. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, ngambo ya mpaka, karibu na Chambishi katika Zambia, ukuta wa bwawa la taka za mukuba ulipasuka. Kama lita milioni 50 za maji ya asidi zilikimbia mtoni hadi Kafue. Samaki walikufa wengi, mazao ya pembeni yaliungua, na mji wa Kitwe ulikatiwa maji ya kunywa. Serikali ya Zambia ilituma hata ndege kumwaga chokaa mtoni ili kuua asidi. Fikiri kwanza: ndege inamwaga chokaa juu ya mto! Chokaa kile kile tunachokijua hapa Likasi, inchi ya mawe ya Kakontwe. Kingewekwa kwa wakati wake, tena nyuma ya ukuta wenye nguvu, kingegharimu kidogo sana. Maji yakimwagika hayazoleki.

MAJANI YANAYOPENDA MUKUBA

Turudi kwa ule udongo mtupu na swali la mtoto. Juu ya nini majani hayaoti?

Sababu ni mbili zinazosaidiana. Moshi wa tanuru unabeba hewa ya kiberiti. Ikikutana na mvua inakuwa asidi na kuufanya udongo uwe mkali. Moshi huo huo unabeba vumbi la metali. Na metali katika udongo mkali inayeyuka vyepesi, inaingia katika mizizi, inaiua. Majani yakifa, mvua inachukua udongo wa juu, na pale panabaki uwanja.

Lakini Mungu hakuacha inchi ya mukuba bila majani yake. Ukienda kwenye vilima ambavyo vilikuwa na mukuba tangu zamani, hautakuta miti mikubwa. Utakuta nyasi na maua ambayo hayapatikani pengine popote. Mwanabotania wa Ubelgiji Paul Duvigneaud aliyaandika katika miaka ya 1950 na 1960. Baada yake François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, aliendeleza kazi hiyo. Kuna ua moja linaloitwa Haumaniastrum katangense. Linapenda kuota pahali watu wa kale walipoyeyusha mukuba, hata kama tanuru imezikwa chini. Kwa kulifuata, wachimbuaji wa mambo ya kale walifika kwenye tanuru za babu zetu. Ua likawa kama kidole kinachoonyesha: chimba hapa.

Basi walimu wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Gembloux na Bruxelles, walijiuliza: kama nyasi hizi zinavumilia mukuba kwao vilimani, hatuwezi kuzihamisha kwenye udongo ulioharibiwa na moshi?

Walichagua pahali panaitwa Penga Penga, Lubumbashi, ambako moshi wa tanuru kubwa iliyoanza kazi mwaka 1911 ulikuwa unashuka. Mwalimu Mylor Ngoy Shutcha na wenzake walijaribu nyasi mbalimbali za kwetu, wakitia chokaa ao mboleo katika udongo. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2010, na mwaka 2015 walitoa hesabu ya miaka mitatu ya kazi. Nyasi iliyofanya vizuri kuliko nyingine ni fupi, nyembamba, mtu anaipita bila kuiona. Jina lake la kitaalamu ni Microchloa altera. Ilisimama pale ambapo nyingine zilikufa, ikazaa mbegu.

Ufahamu vizuri kile nyasi hii inafanya. Haili sumu na kuimaliza. Metali haifi, shaba itabaki shaba hata siku ya mwisho. Nyasi inafunga: mizizi inashika udongo usiondoke na mvua, majani yanafunika vumbi lisiruke na upepo. Chokaa kinapunguza ukali, na metali inatulia pahali pake. Mboleo inaipa mizizi chakula na kukamata mukuba. Ni kama mtu anayefunika shimo: shimo liko, lakini mtoto hataanguka ndani.

Angalia, ndiyo kemia ya kijani kabisa: nyasi ya kwetu, chokaa ya kwetu, na mboleo ambayo inaweza kutoka hata kwenye maganda ya jikoni.

WATOTO NA VUMBI

Labda unasema: «Mambo ya nyasi ni ya wasomi. Miye niko na batoto ya kulisha.» Mama, ndiyo maana tunakuandikia wewe.

Mwaka 2009 daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na profesa Benoit Nemery wa Leuven na wengine, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga, watoto na wakubwa. Wale waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa kati ya kilometa 3 na 10. Na hao walikuwa na nyingi kuliko watu wa mashamba ya mbali. Watafiti waliandika kwamba kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyokwisha kuandikwa kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi kiwandani. Tena watoto walikuwa nayo kupita wakubwa.

Juu ya nini watoto? Kwa sababu mtoto anacheza chini, anatia mkono kinywani, na mwili wake ni mdogo.

Mwaka 2018 timu hiyo ilitoa utafiti mwingine wa Kasulo, katika mji wa Kolwezi, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Watoto wa hapo walikuwa na kobalti nyingi, na alama kwamba chembe za ndani ya mwili zinapata kuumizwa. Mwaka 2020 utafiti wa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na kilema walipatikana zaidi kwa jamaa ambazo baba anafanya kazi ya madini. Si kusema kila baba mchimbaji atazaa hivyo, hapana. Lakini ni onyo: vumbi la kazi halibaki kazini. Linarudi nyumbani na nguo, na viatu, na magunia.

TAKA INAWEZA KUWA MALI

Sasa habari njema, maana zipo.

Ukifika Lubumbashi unaona kile kilima cheusi karibu na bomba refu la moshi. Watu walikiona kama takataka. Lakini tangu miaka ya 2000 kiwanda kilijengwa pale ili kutoa kobalti na mukuba katika kilima hicho. Mwaka 2024 metali nyingine, jerimaniamu, ilianza kutolewa humo na kuuzwa Ulaya. Inatumika katika nyuzi za kioo zinazobeba simu na intaneti, na katika vyombo vya kuona usiku. Ilikuwa imelala pale miaka yote, babu zetu wanaipita wakienda kazini. Vile vile Nchanga, huko Chingola, tangu mwaka 1974 wanaosha taka za zamani na asidi na kuokota mukuba ulioachwa.

Na si madini tu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanakemia kama Egid Mubofu na Quintino Mgani walitazama maganda ya korosho. Ganda lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Watu walikuwa wanalitupa ao kulichoma. Wao walionyesha kwamba mafuta hayo yanaweza kugeuzwa kuwa vitu vingi ambavyo viwanda vinavitoa katika petroli. Mwaka 2012 Mgani na wenzake, pamoja na wanakemia wa Scotland, waliandika namna ya kutengeneza kutoka mafuta hayo harufu inayovuta mbung'o, yule nzi anayeleta ugonjwa wa usingizi, ili aingie mtegoni. Taka ya shamba inageuka kuwa silaha dhidi ya ugonjwa. Unaona?

Na kobalti yetu? Unajua kwamba inaingia katika betri za simu na za magari ya umeme. Mwaka 1980 John Goodenough, akifanya kazi Oxford, alionyesha kwamba kobalti pamoja na lithiamu inatengeneza betri yenye nguvu. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia.

Lakini wanakemia hawalali. Leo kuna betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe, na magari mengi yanazitumia. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kwanza kuuza kobalti inje, kwa sababu bei ilianguka sana. Tangu mwezi wa kumi inauzwa kwa kipimo. Tunakuambia hayo kusudi ujue: jiwe linaweza kupoteza bei kwa miaka michache. Akili iliyofundishwa haipotezi bei. Mwaka 2022 kituo cha utafiti wa betri kilianzishwa Lubumbashi, kwa mapatano na Zambia, ili vijana wa kwetu wajue si kuchimba tu, bali kutengeneza.

Na tuulize swali moja wazi. Gari la umeme halitoi moshi katika barabara za Ulaya. Vizuri. Lakini kama vumbi lake linabaki katika mapafu ya mtoto wa Likasi, je, gari hilo ni safi kweli? Kemia ya kijani inakataa hesabu ya namna hiyo. Inadai kuhesabu tangu shimo la mgodi hadi siku betri inapotupwa.

WEWE NYUMBANI UTAFANYA JE?

Hatutaki ufunge gazeti hili na woga tu. Kuna mambo unayoweza kuanza kesho asubuhi.

1. Mikono na sabuni mbele ya kula, hasa watoto. Ni jambo dogo, lakini vumbi nyingi linaingia kwa njia ya kinywa.

2. Usifagie kavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza, kisha fagia. Ndani ya nyumba, pangusa na kitambaa chenye maji.

3. Nguo na viatu vya kazi vibaki inje ya chumba cha kulala. Zisifuliwe katika bakuli moja na nguo za mtoto.

4. Magunia ya mawe yasilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Tunajua kuna wezi. Lakini mtoto anayelala juu ya gunia la kobalti anaibiwa kitu kikubwa zaidi.

5. Lengalenga na matembele osha mara nyingi na maji safi. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Hakuondoi kile kilichoingia kwa mizizi. Kwa hiyo usilime karibu na mfereji wa kiwanda, wala usinyweshe bustani na maji yake.

6. Bustani yako itie mboleo. Kama udongo ni mkali, chokaa kinasaidia pia, kwa sababu metali haziingii tena vyepesi katika mboga. Kipimo umuulize mtu wa kilimo. Chokaa nyingi kupita inaharibu.

7. Funika udongo mtupu wa kiwanja chako na majani. Kiwanja chenye nyasi hakina vumbi.

Na kwa vijana, kazi ya kufanya pamoja, bila maabara. Okota maua mekundu ya ibiskasi, yale ya uzio. Yachemshe katika maji kidogo, uache yapoe, uchuje. Gawa maji yale katika vikombe vitatu. Katika cha kwanza kamulia ndimu: rangi itakuwa nyekundu zaidi. Katika cha pili tia maji ya majivu yaliyochujwa: itageuka kuelekea kijani. Cha tatu kiache kama kilivyo, ili ulinganishe. Umejifunza kutofautisha asidi na kinyume chake kwa ua la uzio. Sasa utie katika kikombe kingine maji ya mvua, ao maji yaliyokaa usiku mzima na udongo wa bustani yako, uone. Lakini fahamu: ua litakuambia ukali wa maji, halitakuambia kama kuna metali. Hayo yanahitaji mashine na mtu aliyesoma.

Mtu huyo aliyesoma, anaweza kuwa wewe.

Tunasema hivyo kwa sababu tunasikia vijana wengi: «Shimi iko nguvu, miye nitaenda ku mugodi, kule makuta iko.» Hatukatazi kazi ya mkono; ilitulea. Lakini angalia orodha ya watu tuliowataja. Shutcha, Banza, Mubofu, Mgani: hao ni watu wa Afrika, waliosoma mambo ya hapa na kuyafanyia kazi hapa. Kila kiwanda kinahitaji mtu anayejua kusoma karatasi ya vipimo vya maji na kuuliza: «Namba hii juu ya nini imepanda?» Kama hakuna mtoto wetu anayejua kuuliza, nani atauliza?

Ninyi wazazi mlio katika kamati za kartye na za shule, mnaweza kuuliza hata leo. Sheria ya madini inadai kila kampuni iwe na mpango wa kulinda mazingira. Ombeni kuuona. Ulizeni maji ya bwawa yanapimwa mara ngapi, na nani. Ulizeni kwa heshima, lakini msichoke.

Je, udongo wetu unaweza kupona? Wale waliofanya kazi Penga Penga wanajibu kwa miaka yao ya jasho: hautakuwa kama kabla ya moshi, lakini unaweza kufunikwa, kutulizwa, na kuacha kuumiza. Inahitaji chokaa, mboleo, nyasi fupi moja, na watu wenye subira. Na kwa viwanda vipya, kanuni ya kwanza: taka ambayo haikuzaliwa haimdhuru mtu.

Udongo ule uliokamata mwanzoni, uko bado mkononi mwako? Urudishe chini pole pole. Kisha nawa mikono na sabuni, na umwite mtoto naye anawe.